Milimita Saba

Daktari Bahizire alisema vua shati,
nikavua, kama wateja wangu wanavyovua
kule Kadutu, nyuma ya pazia la kitenge,
nikiwapima kifua, kiuno, urefu wa mguu.
Akanipaka ute wa baridi. Akaniomba radhi kwa baridi.
Umeme ukakatika.
Tukangoja jenereta, mimi tumbo wazi,
yeye kashika kile kidude kama pasi iliyopoa,
na mvua ya Bukavu ikigonga mabati
kama watu wanaodai deni.

Miaka miwili nilikunywa dawa ya amiba.
Ya amiba, kisha ya tifoidi, kisha ya amiba tena,
kwani kila tumbo la mji huu huitwa amiba
mpaka likatae.
Langu lilikataa. Lilitoa damu.
Usiku nilihesabu hatua hadi chooni: kumi na tisa,
mara nane, mara tisa, tochi mdomoni.
Suruali zangu nilizipunguza mwenyewe,
sentimita mbili, sentimita nne,
na cherehani haikuniuliza kitu.

Ndipo shangazi alipotaja karuho.
Neno hilo halisemwi, hudondoshwa.
"Ulikunywa kwa nani?"
Nikakumbuka kikombe cha kasiksi
kwa Mama Nsimire, mlango wa pili, siku ya ubatizo.
Kikombe kimoja. Alinipa kwa mikono miwili.
Tangu hapo nikipita kwake natazama matope.
Mwanawe alipoleta kitambaa cha sare ya shule
nilisema uzi umekwisha,
na uzi ulikuwa umejaa mezani, rangi zote.

Wenye kutapisha walinitapisha mara tatu.
Nilitapika maji ya kijani,
na mbuzi mmoja, kwa hesabu ya bei yao.

Jenereta ikakohoa. Kioo kikawaka.
Mimi niliona majivu tu, majivu yanayopumua.
"Hapa," akasema, "huu ni utumbo wako."
Akaweka msalaba mdogo huku, msalaba mdogo kule,
na kati yake nukta nukta,
kama ninavyopiga chaki kabla ya mkasi.
"Ukuta wake milimita saba.
Kwa kawaida hauzidi tatu."

Saba! Milimita nazijua mimi.
Ongeza chache upande wa ndani wa kola
na bwana harusi hamezi mate.

Akabonyeza mahali, wekundu ukatapakaa.
"Damu inakimbilia hapa. Utumbo unawaka,
na ni mwili wako wenyewe unaouchoma."
Nikauliza: nani aliuwasha?
Akanyamaza kidogo. Yeye pia ni wa huku.
"Kioo hiki hakimwoni mtu, baba. Kinaona ukuta.
Na ukuta huu nimeuona kwa wengine,
wasiokunywa kwa jirani yeyote.
Bado tutapitisha kamera kwa njia ya nyuma,
bado maabara watataka kipande cha nyama.
Ukianza dawa utarudi hapa, nikupime,
tuone kama saba itashuka."

Akanipa picha. Karatasi laini, bado ya moto.
Sikwenda nyumbani. Nilipanda kilima na mvua yake,
picha kifuani, chini ya shati,
hadi mlango wa pili.

Mama Nsimire aliishika juu chini.
"Hii ndiyo karuho yangu?"
Kumbe alijua. Mtaa mzima ulijua.
"Ni utumbo wangu," nikasema,
na sijawahi kusikia sentensi ya kijinga kama hiyo.
Akaitazama sana, akaifuta tone la maji kwa kanga,
akanirudishia.
Hakuniambia karibu. Mlango hakuufunga.

Nikavuta utepe wa kupimia shingoni.
"Mlete mtoto," nikasema. "Sare nitashona bure."
"Mtoto amekua," akasema.
"Vile vipimo vyako vya zamani
havimfai tena."